Bili za Medicare hatua kwa hatua: kuzisoma, kuzihoji na kukata rufaa kabla ya kulipa

Mzee akitoka hospitali Marekani, bahasha huanza kuingia baada ya wiki mbili tatu. Moja ya hospitali, nyingine ya daktari wa chumba cha dharura, nyingine ya aliyesoma picha za eksirei, nyingine ya gari la wagonjwa, na kila moja ina jina la kampuni usiyoijua. Wengi wetu tumelelewa kuogopa deni, kwa hiyo mtoto wa nyumba hutoa kadi ya benki na kulipa zote siku hiyohiyo. Hapo ndipo pesa hupotea. Chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, kiasi anachodaiwa mgonjwa hakipangwi na aliyetuma bahasha. Kinapangwa na Medicare, na kimeandikwa kwenye karatasi nyingine kabisa iitwayo MSN (Medicare Summary Notice), yaani muhtasari wa madai ambao Medicare humtumia mgonjwa. Bila karatasi hiyo mkononi, bili ni dai tu.

Viwango vya dola vilivyomo humu ni vya mwaka 2026, na hubadilika kila Januari. Mwongozo unamhusu hasa mwenye Medicare ya asili, ile ya serikali moja kwa moja, yenye kadi ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Aliyejiunga na mpango wa Advantage, yaani Sehemu C, anahudumiwa na kampuni binafsi yenye kadi yake. Tutamtaja pale sheria zinapotofautiana.

Hatua ya 1: Jua mzee ana nini hasa

Toa kadi uitazame. Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Sehemu B hulipia madaktari, kliniki, vipimo, gari la wagonjwa na vifaa kama kiti cha magurudumu. Sehemu D ni ya dawa za kununua duka la dawa, na huwa na kadi yake peke yake. Kila sehemu ina tarehe ya kuanza, na huduma iliyotolewa siku moja kabla ya tarehe hiyo hailipwi.

Aliyefanya kazi Marekani na kukatwa kodi ya Medicare kwa robo 40 za mwaka, yaani miaka 10, hupata Sehemu A bila ada. Kazi ya mume au mke nayo huhesabiwa. Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ambaye hajawahi kufanya kazi huko, anaweza kuinunua akishatimiza umri wa miaka 65 na kukaa nchini miaka 5 mfululizo. Ada yake si ndogo: dola 565 kwa mwezi za Sehemu A, na dola 202.90 za Sehemu B. Anaruhusiwa kuchukua B pekee, lakini hawezi kununua A bila B. Dirisha la kujiunga ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi anaotimiza masharti, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Akilikosa, atasubiri Januari hadi Machi, na ada ya B itaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Nyongeza hiyo haiishi. Ataibeba muda wote atakaokuwa na B.

Familia za wakimbizi zizingatie jambo jingine. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza wasio raia wanaoruhusiwa kuwa na Medicare. Wamebaki wenye green card, Wacuba na Wahaiti walioingia kwa utaratibu maalumu, na watu wa visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata green card hayumo tena, hata kama amefanya kazi miaka kumi. Waliokuwa tayari ndani watakatwa kufikia tarehe 4 Januari 2027. Kisheria mkimbizi huomba green card baada ya mwaka mmoja nchini. Kama mama aliyetoka Bukavu bado anaishi na hadhi ya ukimbizi tu, faili hilo lishughulikiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha uliza: kuna bima nyingine? Kama mzee au mwenzi wake bado yuko kazini kwenye kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi, na bima ya kazi inamhusu, bima hiyo hulipa kwanza na Medicare hufuata. Chini ya wafanyakazi 20, Medicare hutangulia. Kwenye ajali ya gari, bima ya gari hutangulia. Hospitali ikikosea mpangilio huu, madai yote hurudi yamekataliwa, hata ya kipimo cha damu.

Hatua ya 2: Hospitalini, uliza swali moja kila siku

Swali ni hili: «Mama amelazwa rasmi, au yuko kwenye uangalizi?» Kwa Kiingereza, maneno ya kusikiliza ni «inpatient» na «observation». Kitanda ni kilekile, nesi ni yuleyule, chakula ni kilekile, kamba ya mkononi ni ileile. Kinachotofautiana ni amri ya daktari kwenye kompyuta, na tofauti hiyo inaweza kugharimu maelfu ya dola.

Aliyelazwa rasmi yuko chini ya Sehemu A. Hulipa dola 1,736 mara moja, nazo ndizo kianzio: fedha ya kwanza inayotoka mfukoni mwake kabla bima haijaanza kulipa. Kisha siku 60 za kwanza hazina malipo mengine ya hospitali. Siku ya 61 hadi ya 90 ni dola 434 kwa siku. Kuanzia siku ya 91 anatumia akiba ya siku 60 alizopewa kwa maisha yake yote, kwa dola 868 kila moja. Kianzio hiki si cha mwaka, ni cha kipindi. Kipindi huisha mgonjwa akikaa siku 60 mfululizo bila kuwa hospitalini wala kwenye kituo cha uuguzi chenye wataalamu. Akirudi siku ya 40, halipi kianzio upya. Akirudi siku ya 70, analipa tena, hata kama ugonjwa ni uleule.

Madaktari wanaomtibu ndani ya hospitali hawamo kwenye hesabu hiyo. Wao hudai kupitia Sehemu B, na mgonjwa huchangia asilimia 20. Ndiyo maana familia inayoamini kwamba imemaliza na hospitali hushangaa kuona bili sita zaidi.

Aliye kwenye uangalizi huhesabiwa kama mgonjwa wa nje, hata akilala hapo usiku tatu. Kila kitu huenda Sehemu B: kianzio cha dola 283 kwa mwaka, kisha asilimia 20 ya huduma za daktari na za hospitali. Vidonge vyake vya kila siku vya presha na sukari, ambavyo angevimeza mwenyewe nyumbani, Sehemu B kwa kawaida haivilipii, na hospitali humwandikia bili kwa bei yake. Ikifika bili ya namna hiyo, omba orodha kamili yenye jina la kila dawa na kipimo chake, uitume kwa kampuni ya Sehemu D pamoja na fomu yao ya kurudishiwa fedha. Duka la dawa la hospitali mara nyingi halimo kwenye mtandao wao, kwa hiyo watarudisha sehemu tu, lakini watarudisha.

Pigo kubwa huja baadaye, mzee anapohitaji kituo cha uuguzi na mazoezi, kile ambacho wengi tunakiita rihabu. Medicare ya asili hulipia kituo hicho pale tu mgonjwa alipolazwa rasmi siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka, na kwa kawaida akaingia kituoni ndani ya siku 30. Siku za uangalizi hazihesabiwi hata moja. Chukua mfano: mama ameanguka, ameingia dharura Jumatatu jioni, Jumatatu na Jumanne yuko kwenye uangalizi, Jumatano asubuhi analazwa rasmi, Ijumaa anatoka. Amelala usiku nne. Kwa hesabu ya Medicare ana siku 2 tu, Jumatano na Alhamisi, na rihabu yote ni juu ya familia. Angekuwa na siku 3, siku 20 za kwanza kituoni zingekuwa bure, na kuanzia ya 21 hadi ya 100 angelipa dola 217 kwa siku. Siku 80 hizo, akizimaliza, ni dola 17,360, kwa hiyo hata mwenye sifa zote asidhani rihabu ni bure hadi mwisho. Mipango mingi ya Advantage huondoa sharti la siku 3, ila huweka sharti la kibali cha kampuni kabla ya kuingia.

Daktari anaamuaje? Kanuni inayotumika tangu Oktoba 2013 ni ya usiku wa manane mara mbili: akitarajia kwamba mgonjwa atahitaji huduma ya hospitali kupita usiku wa manane mara mbili, amlaze rasmi. Kwa hiyo mzungumze na daktari wa zamu mapema, siku ya kwanza au ya pili, si mlangoni mkiwa mnaondoka. Mwulize ni kwa nini hali ya mama haifikii kulazwa, na mkumbushe magonjwa mengine aliyonayo na kwamba nyumbani anaishi peke yake ghorofani. Hali ya nyumbani peke yake haitoshi kumlaza mtu, lakini hatari kwa afya yake ni hoja.

Karatasi tatu zinaweza kuletwa kitandani, na kila moja ina kazi yake.

MOON humjulisha aliye kwenye uangalizi zaidi ya saa 24 kwamba hajalazwa rasmi, na lazima aipate kabla ya saa 36 kupita. Kuisaini kunathibitisha tu kwamba mmeipokea.

MCSN ni mpya, imeanza tarehe 14 Februari 2025. Hupewa aliyelazwa rasmi kisha hospitali ikamrudisha kwenye uangalizi, akiwa amekaa siku 3 au zaidi lakini siku za kulazwa rasmi hazikufika 3, au akiwa hana Sehemu B. Inampa haki ya rufaa ya haraka. Simu ya rufaa ipigwe kabla hajatoka hospitalini. Aliyeanza na kumaliza kwenye uangalizi bila kulazwa hata siku moja hana njia hii, ndiyo sababu swali la kila siku lina maana.

Ya tatu huitwa «Important Message from Medicare». Aliyelazwa huipata ndani ya siku 2 za kulazwa na tena karibu na kutoka. Kama unaona mzee anatolewa kabla hajapona, piga namba iliyo juu yake kabla ya usiku wa manane wa siku aliyopangiwa kutoka. Ukiwahi, ataendelea kukaa, na hatalipia siku hizo zaidi ya vianzio na michango yake ya kawaida hadi saa sita mchana wa siku inayofuata uamuzi. Kwenye rihabu karatasi yake ni NOMNC, taarifa ya kukatwa huduma, huletwa siku 2 kabla, na mwisho wa kupiga simu ni saa sita mchana wa siku inayotangulia siku ya kukatwa huduma.

Msitafsiriane karatasi hizi wenyewe kwa kubahatisha. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuleta mkalimani bure, wa Kiswahili, kwa simu au kwa video. Haipaswi kumtumia mtoto mdogo wa nyumba kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura ambapo hakuna mwingine. Na mkalimani aambiwe waziwazi: Kiswahili cha Kongo, cha Tanzania au cha Kenya, maana «rufaa» kwa mmoja ni kupinga uamuzi, na kwa mwingine ni kupelekwa hospitali kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Kabla ya kipimo, usisaini ABN kwa kufuata mstari

ABN ni ukurasa mmoja unaosema: tunadhani Medicare haitalipia huduma hii, ikikataa utalipa wewe. Huletwa kwenye maabara, kwa daktari wa miguu, kwa tabibu wa mgongo, kwenye mazoezi ya viungo. Mhudumu wa mapokezi huielekeza kalamu pale chini na kusema ni kawaida tu. Si kawaida. Lazima iwe na jina la huduma, sababu ya Medicare kukataa na makadirio ya bei. Ikiwa na nafasi tupu, mwombe aijaze kwanza.

Kuna visanduku vitatu. Cha 1: nataka huduma, na dai lipelekwe Medicare. Cha 2: nataka huduma, msipeleke dai, nitalipa mwenyewe. Cha 3: sitaki huduma. Ukichagua cha 2 umejifungia mlango wa rufaa, kwa sababu pasipo dai hakuna uamuzi wa kupinga. Kama mnaihitaji huduma, chagua cha 1. Wanaweza kuwaomba mlipe papo hapo, lakini Medicare ikilipa watawarudishia mlichotoa, ukiondoa mchango wenu.

Thamani ya karatasi hii iko pia pale inapokosekana. Medicare ikikataa kwa sababu huduma haikuonekana kuwa ya lazima kitabibu, au ilirudiwa mapema mno, na hamkupewa ABN, kwa kawaida hasara ni ya mtoa huduma, si yenu. Ofisi ya malipo huliweka wazi hilo kwa alama ya herufi mbili kwenye dai: GA maana yake ABN ipo, GZ maana yake wanatarajia kukataliwa na ABN haipo. Ukipiga simu uliza waliweka alama gani. Watajua kwamba unajua.

ABN haihitajiki kwa vitu ambavyo sheria yenyewe imevitoa: meno ya kawaida, miwani (isipokuwa jozi moja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliowekewa lenzi), vifaa vya kusikia, na uangalizi wa muda mrefu wa kuogeshwa na kulishwa. Hivyo mnalipa hata bila kuonywa. Na ABN haitumiki kwenye Advantage. Huko, kabla ya huduma yenye shaka, iombeni kampuni uamuzi wa maandishi.

Hatua ya 4: Huduma za kinga, na namna «bure» inavyogeuka bili

Kwa ziara ya afya ya kila mwaka mgonjwa halipi chochote. Lakini hiyo si uchunguzi wa mwili mzima. Ni mazungumzo ya hatari za kiafya, kumbukumbu, chanjo na mpango wa mwaka. Mzee akimwambia daktari katika ziara hiyo kwamba goti linamuuma, na daktari akalishughulikia, huduma ya pili inaweza kuandikwa, nayo ina asilimia 20. Uchunguzi wa kawaida wa mwili mzima Medicare haiulipii kabisa. Mnapoweka miadi semeni «Annual Wellness Visit», na si «physical».

Mamogramu ya uchunguzi ni mara moja kila mwaka kwa mwanamke wa miaka 40 na zaidi. Ikifanyika kabla ya miezi 11 kamili kupita baada ya mwezi wa kipimo kilichotangulia, inakataliwa. Kipimo cha utumbo mpana kwa kamera ni kila miezi 120 kwa asiye na hatari kubwa, kila miezi 24 kwa mwenye hatari. Mgonjwa hakilipii, ila daktari akikuta kinyama na kukikata humohumo, mgonjwa hulipa asilimia 15 ya bei iliyokubaliwa. Kiwango hicho kitashuka hadi 10 mwaka 2027 na kuisha mwaka 2030. Kianzio hakihusiki. Ukiona wamekutoza 20 pamoja na kianzio, ofisi yao imesahau alama ya kuonyesha kwamba kipimo kilianza kama cha kinga. Hili ni kosa la kawaida, na hurekebishwa kwa dai kupelekwa upya.

Vipimo vya maabara vilivyokubaliwa chini ya Sehemu B mgonjwa halipii chochote. Bili ya damu ikifika, ama dai limekataliwa, ama halijapelekwa.

Hatua ya 5: Weka MSN kando ya bili

MSN hutumwa kwa posta kila baada ya miezi kadhaa kwa aliyepata huduma. Muda huo ni mrefu, bili huwa zimeshafika na kurudia. Fungua akaunti ya mzee kwenye medicare.gov, madai yaliyoshughulikiwa huonekana humo mapema zaidi. Juu ya MSN imeandikwa kwamba si bili. Safu unazozitaka ni tano: huduma imekubaliwa au la, walichotoza, bei iliyokubaliwa na Medicare, Medicare ililipa nini, na kiasi cha juu kabisa mnachoweza kudaiwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo jibu.

Tuseme daktari ametoza dola 480. Medicare imekubali 200. Kama kianzio cha mwaka kimeshalipwa, Medicare inatoa 160 na mgonjwa 40. Zile 280 zilizobaki daktari aliyekubali mkataba wa bei hana ruhusa kuzidai. Bili ikionyesha 320, mtu ameandika tofauti badala ya mchango.

Daktari asiye na mkataba kamili, ambaye hata hivyo hajajitoa Medicare, ana hesabu yake. Bei yake ni asilimia 95 ya ile ya kawaida, na anaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 15 juu yake. Kwa huduma ya dola 100, mwisho wake ni dola 109.25. Bado analazimika kupeleka dai yeye mwenyewe. Aliyejitoa kabisa ni habari nyingine: mgonjwa husaini mkataba binafsi naye, na Medicare hailipi hata senti. Uliza wakati wa kuweka miadi, «Je, mnakubali bei ya Medicare kwa kila huduma?»

Linganisha mambo manne kwenye kila mstari: tarehe, jina la mtoa huduma, huduma, na kiasi. Ziara moja kwenye kliniki inayomilikiwa na hospitali huzaa bili mbili halali, ya daktari na ya jengo. Kwa hiyo majina mawili siku moja si lazima kuwa wizi. Huduma ambayo mzee hakuipata kabisa, kama vifaa vya mgongo ambavyo hajawahi kuviona, hiyo ripoti kwa 1-800-633-4227. Namba hiyo ina wakalimani, sema tu «Swahili». Kila simu iandike: tarehe, jina la aliyepokea, alichoahidi, namba ya kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye bima ndivyo ilivyo hasa.

Hatua ya 6: Bili haifanani na MSN

Hakuna MSN kabisa? Piga ofisi ya malipo, uliza dai lilipelekwa lini na kwa namba ipi ya Medicare. Muda wa kupeleka dai ni mwaka mmoja wa kalenda tangu siku ya huduma. Mtoa huduma mwenye mkataba akichelewa mwenyewe, hawezi kumhamishia mgonjwa deni hilo.

Kwa majina yetu, chanzo cha kwanza cha kukataliwa ni mapokezi. Mwenye majina matatu huandikwa la kati kama la ukoo, au la babu linaachwa, halafu kompyuta haioni mtu huyo. Jina lifanane na lililo kwenye kadi ya Medicare, herufi kwa herufi, hata kama kadi imekosea. Kadi yenyewe hurekebishwa ofisi ya Social Security. Chanzo cha pili ni bima ya zamani ya kazi ambayo Medicare bado inadhani ipo. Hilo hulimaliza kituo cha kuratibu bima, BCRC, kwa simu 1-855-798-2627, kisha mtoa huduma anapeleka dai upya.

Cha tatu ni msimbo wa ugonjwa usiobeba kipimo. Kila dai lina msimbo wa huduma na msimbo wa ICD-10 wa ugonjwa, na Medicare ina orodha za magonjwa yanayostahili vipimo fulani. Daktari akiandika «uchunguzi wa kawaida» kwenye kipimo cha vitamini D, dai linaanguka, ilhali faili lina ugonjwa wa mifupa ambao ungelibeba. Mwombe daktari, si ofisi ya malipo, aangalie faili na arekebishe msimbo kama ukweli wa kitabibu unaruhusu. Usimwombe abuni ugonjwa. Hiyo ni jinai, na itamfuata mzee kwenye rekodi zake.

Makosa ya namna hii husahihishwa bila rufaa. Mwandikie mtoa huduma barua fupi kwamba deni linabishaniwa, omba lisipelekwe kwa wakusanya madeni hadi dai lishughulikiwe upya.

Hatua ya 7: Rufaa

Kama Medicare yenyewe ndiyo imekataa na mnaona imekosea, mna siku 120 tangu kupokea MSN. Tarehe ya mwisho imechapishwa kwenye MSN hiyohiyo. Zungushia kalamu mstari mnaoupinga, eleza sababu kwa maandishi, weka jina, namba ya Medicare, simu na saini, baki na nakala, tuma kwa anwani iliyomo. Au tumia fomu CMS-20027. Jibu hutoka kwa kawaida ndani ya siku 60.

Rufaa hushindwa kwa kulalamika kuhusu bei, na hushinda kwa barua ya daktari. Barua hiyo itaje ugonjwa, kilichojaribiwa kabla kikashindikana, na hatari ambayo ingetokea bila huduma. Kwa gari la wagonjwa, kwa mfano, haitoshi kusema mzee alikuwa anaumwa. Inatakiwa ionekane kwamba usafiri mwingine wowote ungehatarisha afya yake, na kwamba alipelekwa hospitali ya karibu yenye uwezo wa kumtibu.

Ukikataliwa, ngazi ya pili ina siku 180, na ya tatu, mbele ya hakimu wa utawala, siku 60 na kiwango cha chini cha fedha kinachotangazwa kila mwaka. Zipo ngazi mbili zaidi juu yake. Mtoto hawezi kumsemea mzazi bila fomu CMS-1696 iliyosainiwa na wote wawili, kwa hiyo isaini mapema, mzee akiwa mzima. Kwenye Advantage rufaa huenda kwa kampuni kwanza, ndani ya siku 65 za tarehe ya barua ya kukataa.

Hatua ya 8: Deni ni halali, pesa hakuna

Mwenye kipato kidogo aombe programu ya QMB kupitia ofisi ya Medicaid ya jimbo lake, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Akikubaliwa, jimbo humlipia ada ya B, na ya A kama anadaiwa, na mtoa huduma yeyote wa Medicare haruhusiwi kumdai vianzio wala asilimia 20. Bili zikija, aonyeshe kadi zote mbili na kusema «QMB». MSN yake nayo huonyesha kwamba hadaiwi. Hii ndiyo haki inayovunjwa sana kwa wazee wasiojua Kiingereza, maana bili hutumwa tu na wao hulipa.

Asiyefikia QMB aulize hospitali kuhusu msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na sera ya maandishi, kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka, na kutochukua hatua kali za ukusanyaji katika siku 120 za mwanzo. Omba fomu hiyo kabla ya kukubali mpango wa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu ukishaanza kulipa, hakuna atakayekukumbusha.

Mzee akienda nyumbani kusalimia

Medicare ya asili haimlipii mtu aliyeugua Mombasa, Mwanza au Bujumbura. Bima za nyongeza (Medigap) za aina ya C, D, F, G, M na N, ambazo si Sehemu C na D za Medicare, zina kifungu cha dharura za nje: baada ya kianzio cha dola 250, hulipa asilimia 80, kwa dharura inayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, hadi dola 50,000 kwa maisha yote. Mzee anayekwenda kukaa miezi mitano amefunikwa miwili tu. Miezi iliyobaki anunuliwe bima ya safari inayokubali magonjwa aliyokwisha kuwa nayo, na hilo lisomwe kwenye mkataba wenyewe. Hospitali ya huko italipwa kwanza na familia. Chukueni risiti yenye jina kamili la mgonjwa, tarehe, ugonjwa, kila dawa na kila kipimo kwa bei yake, pamoja na muhtasari wa daktari wa kutoka hospitalini, vyote viwe na mhuri, kabla ya kupanda ndege ya kurudi.